Nyumba Ubavuni mwa Kanali

Jumanne, baada ya chakula cha mchana, Lalasoa alipanga vyungu kumi na kimoja kwenye ukingo wa saruji, akamimina kikombe cha maji ndani ya kila kimoja na kuanza kuhesabu. Chungu kilichopitisha maji kabla hajafika ishirini alikiweka kulia. Kilichochelewa alikiweka kushoto. Kimoja kilibaki na maji yake kama bakuli la mchuzi, naye akakitia chini ya meza, kiwe cha kuwekea miiko.

Alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na minne, mnene kidogo, mwimbaji wa sauti ya pili kanisani kwao. Mwaka wa tisa huu alikuwa akitunza vinyonga katika bustani iliyo kando ya barabara kuu, kilomita chache kutoka mji wa Moramanga, ambako wageni waendao pwani husimama kunyoosha miguu na kupiga picha.

Kibanda kipya cha wavu kilikuwa cha Kanali. Huyu alikuwa dume kubwa la kijani, mwenye pembe mbili butu puani, aendaye polepole kama mtu anayekagua gwaride. Mwezi Januari aliugua. Mimea yake ilikuwa kwenye makopo ya plastiki, na udongo wake ulichanganywa na zile chenga nyeupe nyepesi za dukani. Kanali alirusha ulimi kumdaka nyenje aliyetua juu ya udongo, akameza nyenje pamoja na chenga, na kwa wiki mbili hakutaka hata panzi. Lalasoa alimnywesha maji kwa bomba la sindano, huku akimwimbia. Siku Kanali alipofumbua jicho moja na kulizungusha kumtazama, alimwahidi mambo manne: vyungu vya udongo vyenye kitako kipana visivyopinduka, tundu la kupitisha maji, kokoto kubwa zisizomezeka juu ya udongo, na udongo safi usio na mbolea ya chumvi.

Vyungu alivipata kwa Bibi Raketamanga, mfinyanzi wa miaka sabini na mitatu aliyeishi nyuma ya soko. Kokoto alizikusanya mtoni. Lililobaki lilikuwa udongo.

Alianza na wa gunia, uliotoka ghala moja la mjini. Akapanda mche mdogo wa mtini na maua mawili ya haibiskasi, akampandisha Kanali tawini, akaondoka. Asubuhi ya pili alikuta kwenye ngozi ya ubavu wa kushoto wa Kanali pana ghala la bati, magunia yaliyopangwa hadi darini, na paka aliyelala juu yake. Paka alikuwa akipumua. Lalasoa alichukua daftari lake akaandika: “Udongo wa gunia. Unakauka upesi. Ghala. Paka mmoja.”

Akaumwaga.

Udongo wa pili aliuleta Bwana Tsirivelo, aliyeapa kwamba ameuchota mwenyewe ndani kabisa ya msitu, mahali ambapo jua halijapata kufika. Siku ya tatu Kanali alionyesha jalala la nyuma ya stesheni, pamoja na mbwa wawili na kandambili.

“Huo ni udongo wa msitu, dada,” alisema Bwana Tsirivelo alipoitwa. “Huyu mnyama ana homa.”

“Kandambili ile ya buluu, yenye kamba ya waya. Si yako hiyo?”

Bwana Tsirivelo akainama, akavaa miwani.

“Lo! Ndiyo hiyo. Nimeitafuta tangu Pasaka.” Akanyanyuka na kwenda jalalani kuichukua. Alirudi ameivaa, akatoa shukrani, na bei ya udongo akaipunguza nusu. Lalasoa hakuununua.

Kuanzia hapo, wakulima wa jirani walimletea Kanali udongo wa kupimwa kabla ya kununua shamba. Lalasoa aliwakatalia kwa upole. Alisema Kanali si ofisi.

Mwishowe alichukua toroli akapanda mlima ulioanzia nyuma ya bustani. Mlima huo, kama bustani yenyewe, ulikuwa mali ya Bwana Rabemihoatra, naye alikuwa amempa ruhusa ya kuchota udongo. Ulikuwa umepandwa mikaratusi ya mkaa na kuzungushiwa waya wa miiba. Lakini kwenye bonde moja mikaratusi ilikataa kuota, na hapo Lalasoa alikuta udongo mweusi, mwororo, unaoshikana ukiufinya na kuachia ukiugusa. Aliunusa. Ulinukia mvua. Akachanganya sehemu mbili za udongo huo na moja ya mchanga wa mto, akatia majani makavu yaliyooza vizuri, akapanda, akafunika kwa kokoto. Maji yalipita alipofika kumi na saba. Lalasoa alifurahi mpaka akapiga makofi.

Siku ya tatu Kanali alikuwa na kijiji. Nyumba kumi na moja za udongo mwekundu, miforosadi, kisima, tanuri la vyungu linalofuka moshi, na juu kabisa, karibu na uti wa mgongo, kaburi la mawe la ukoo. Kuku walikuwa wanatembea. Lalasoa aliandika: “Udongo wa mlimani. Mzuri sana. Kijiji.” Kisha akaendelea kuosha vikombe vya panzi.

Saa nne Bibi Raketamanga alifika na vyungu viwili vilivyobaki, amevibeba kichwani. Alivitua, akajifuta jasho, akamtazama Kanali kwa muda mrefu.

“Mlango umeachwa wazi,” alisema.

“Mlango gani, Bibi?”

“Wa nyumba yetu. Ya tatu kutoka kisimani. Mama hakuwa mtu wa kufunga mlango. Kuku waliingia mpaka kitandani.” Akakaza macho. “Yule pale anayekoka moto kwenye tanuri ni mimi. Tazama kiuno hicho! Ungeniambia leo kwamba nilikuwa na kiuno, ningekuita mwongo.”

Akaomba kigoda. Lalasoa alimpa kigoda na kikombe cha maji ya ukoko wa wali, na Bibi akakaa hadi saa sita, akicheka peke yake, mara kwa mara akimwambia mtu fulani ubavuni mwa Kanali aangalie mtoto asichezee kisima.

Akawa anakuja kila siku. Mambo ya mlimani yalikwenda kwa mwendo wa Kanali mwenyewe, taratibu, jua likichomoza na kuzama saa zake. Lalasoa aliwajua watu wa kijiji kile kwa majina. Alijua ni nani anayekoroma, nani anaiba mayai. Alisahau kwamba alichota udongo ule ili kupandia haibiskasi.

Wiki ya pili, asubuhi, pale ubavuni kijana mwembamba mwenye shati la buluu aliweka meza chini ya mforosadi. Watu walipanga mstari. Kila mtu alichovya dole gumba kwenye wino, akabonyeza karatasi, akapewa kopo la maziwa mazito.

Bibi Raketamanga aliacha kucheka.

“Alisema ni orodha ya dawa ya mbu,” alisema. “Kusoma hatukujua. Na dawa ilikuja kweli, usidhani haikuja. Ilikuwa dawa nzuri. Mbu walikufa wote.” Akanywa maji yake. “Mwezi uliofuata akaja na askari, akatusomea karatasi ileile. Ikawa tumemuuzia mlima.”

Ubavuni mwa Kanali mstari ulisogea. Msichana mwenye kiuno chembamba alibonyeza dole gumba, akapokea kopo lake, akalitikisa sikioni kusikia kama limejaa.

Lalasoa alitazama mikono yake. Ilikuwa bado na udongo kwenye kucha.

“Bibi, nikibadilisha udongo, hutayaona tena haya.”

“Usimguse huyo mnyama!” Bibi alimkazia macho. “Kesho Mama anapika mchicha. Niache.”

Lalasoa hakumgusa. Lakini jioni hiyo, kabla ya mazoezi ya kwaya, aliandika barua kwa ofisi ya ardhi, kurasa mbili, mwandiko mzuri, akaipeleka mwenyewe. Alijua Bwana Rabemihoatra ndiye aliyemwajiri. Njiani aliimba sauti ya pili ya wimbo mmoja tangu mwanzo hadi mwisho.

Karani alikuja Jumatano, kijana nadhifu mwenye lenzi na utepe wa kupimia. Alimpima Kanali kuanzia begani hadi kwenye nyonga, akalinganisha na ramani ya zamani, akaandika tarakimu, akapima tena.

“Ni sahihi,” alisema. “Mipaka, kisima, kaburi, vyote mahali pake. Na udanganyifu unaonekana wazi. Kazi safi sana.”

“Basi mlima utarudishwa?” aliuliza Lalasoa.

“Dada, ushahidi lazima upigwe muhuri na uingie kwenye faili.”

“Mpige muhuri.”

Karani alikuwa mtu wa haki. Alifungua mkoba, akauchovya muhuri kwenye wino wa zambarau, akaugusisha taratibu chini ya mbavu, Kanali asiumie. Wote watatu, pamoja na Bibi kigodani, wakasubiri. Muhuri ulikaa dakika mbili, ukawa wa buluu, ukawa wa kijani, ukatoweka. Akajaribu tena mkiani. Akapiga picha, na picha zote zilitoka kinyonga mtupu wa kijani.

“Mmeona wenyewe,” alisema kwa masikitiko ya kweli. “Hatunzi muhuri.”

Bibi Raketamanga alimpa pole, akamwonyesha nyumba ya bibi yake mzaa baba, kwani ilibainika kwamba karani naye alitoka ukoo wa jirani. Karani alifurahi sana kuiona. Alikaa nusu saa zaidi, na alipoondoka alisahau lenzi yake. Akamtuma mtu kuifuata.

Habari zikamfikia Bwana Rabemihoatra. Alikuja Ijumaa kwa gari lake jeupe, mzee mwenye tumbo, mcheshi, mpenda peremende za mnanaa. Lalasoa alisimama kando ya kibanda, amekwisha kukunja aproni yake na kuitia kwenye mfuko, kwa kuwa alijua atafukuzwa. Bibi Raketamanga alibaki kigodani.

Bwana aliingiza uso karibu na wavu. Siku hiyo kijana wa shati la buluu alikuwa amerudi na askari wawili, na watu walikuwa wakishuka mlima na magodoro vichwani. Mwanamke mmoja, ambaye hakuwa mtu wa kufunga mlango, alirudi nyuma akaufunga.

“Ama kweli!” alisema Bwana Rabemihoatra. “Nilikuwa mwembamba.”

Akasogeza uso zaidi kwenye wavu.

“Na shati lile! Lilitoka kwa fundi wa Kihindi pale bandarini Tamatave. Sikupata tena shati kama lile.” Akageuka. “Ni wewe, Raketamanga?”

“Ni mimi.”

“Unanikumbuka?”

“Ningekusahauje? Kopo langu lilikuwa limepasuka, na hukunibadilishia.”

Bwana akacheka mpaka akashika wavu. Akatoa peremende, akamgawia. Akamwambia Lalasoa aagize benchi refu badala ya kigoda, maana wageni watapenda, na avae aproni yake, kwani mtunzaji bila aproni hapendezi. Kisha akaenda kukagua mkaa wake.

Lalasoa alivaa aproni. Alijiona amepona na amechafuka kwa wakati mmoja, akashindwa kujua aanze kunawa wapi.

Ukaja mwezi wa nane, baridi ikashika, na ukoo wa Raketamanga ukakutana. Desturi yao ilikuwa kuwafungulia marehemu kaburi kila baada ya miaka kadhaa na kuwavisha sanda mpya, lakini wazee wao waliolala kule walikuwa hawajabadilishiwa sanda tangu waya ulipozungushwa, na ruhusa ya kuvuka ilikuwa imeombwa na kukataliwa kila mwaka kwa adabu. Safari hii Bibi alisema hapana haja ya kuvuka, kwa kuwa kaburi liko pale bustanini, tena linaonekana vizuri asubuhi jua likimpiga Kanali ubavuni.

Walikuja watu themanini na wapiga filimbi sita na ngoma mbili. Walileta sanda ya hariri yenye ukubwa wa leso. Lalasoa alichuma majani makavu kwenye mimea, akaosha kokoto moja moja, akageuza chungu cha mtini ili Kanali akae penye mwanga. Mzee wa ukoo alifungua mlango wa wavu, akawasalimu marehemu kwa majina, akawapa habari za waliooa na waliozaliwa, akaomba radhi kwa kuchelewa. Kanali alimzungushia jicho moja. Halafu akanyanyua mkono, akasita, akautua juu ya hariri, na wakamvisha leso ile mgongoni bila shida. Kaburi lilipofunikwa, filimbi zikalia, na watu wakacheza kukizunguka kibanda mara saba.

Lalasoa alicheza mpaka kiatu kikamtoka. Bibi Raketamanga alicheza akiwa ameshika kiuno ambacho hakikuwapo tena. Bwana Rabemihoatra alikuwa amechangia nguruwe mzima, akashukuriwa kwenye hotuba, akacheza vizuri kwa mtu wa tumbo lile. Wali wa mafuta ulitosha watu wote na madereva waliosimama barabarani kuuliza kuna nini. Juu mlimani misumeno ya mikaratusi haikunyamaza hata mara moja, lakini ngoma ziliishinda.

Wageni walipotawanyika, Lalasoa alimvuta Bibi kando.

“Chukua hiki chungu, Bibi. Hiki chenye udongo wa kwenu. Kanali nitakuwa nakuletea Jumapili baada ya ibada.”

Bibi alikitazama chungu, akamtazama yeye, akacheka hadi meno yake matatu yakaonekana.

“Wewe mtoto! Nimepanga chumba kimoja, na mlango unagonga kitanda. Nyumba ile ina vyumba vitatu na jiko la nje. Nitaiweka wapi?”

“Basi niambie nikufanyie nini.”

“Mwagilia asubuhi, usimwagilie jioni. Mizizi isije ikaoza.”

Akajifunga khanga, akaaga wote, akashika njia ya mlimani. Kila Jumamosi, sikukuu au si sikukuu, alipitia kwenye geti la Bwana Rabemihoatra kununua ndoo tatu za udongo wa kufinyangia. Siku hiyo nayo mlinzi alimpimia kwa ndoo iliyojaa mpaka mdomoni, akamtwisha ya kwanza kichwani, na kumwambia aangalie asije akajikwaa, kwa kuwa pale kwenye geti zamani palikuwa na kisima.

“Najua,” alisema Bibi Raketamanga, akakizunguka.