Mguu wa Mwalimu

Basi letu la mafunzo lilikuwa na breki mbili. Moja ilikuwa ya anayejifunza, nyingine upande wa pili, ya mwalimu. Zilikuwa zimeunganishwa, mmoja akikanyaga yake, ya mwenzake nayo inashuka.

Wiki ya kwanza nililifagia lile basi bila kutumwa, maana fagio ndiyo kazi yangu na mkono ukishazoea hautulii. Nikaona kitu kikanichekesha. Raba ya breki ya mwanafunzi ilikuwa na mistari yake yote, kama soli ya kiatu cha dukani. Raba ya breki ya mwalimu ilikuwa imesagika mpaka chuma kinang'aa, na zulia mbele yake limetoboka tundu la ukubwa wa kisigino. Nikasema moyoni, basi kuukuu hili, na mambo yake ni ya kikuukuu. Nikakung'uta zulia, nikalirudisha mahali pake.

Laiti ningeuliza.

Mwalimu tulimwita Taratibu, na alijua tunamwita hivyo. Alikuwa mtu mzima, mpole, kofia yake ya kitambaa haivuliwi hata darasani. Ukiingiza gia vibaya basi likalia kama mbuzi aliyekanyagwa, atasema tu, "Taratibu, mwanangu, gia haina haraka." Alama za barabarani alitufundisha kwa kokoto na vifuniko vya soda juu ya meza. Alisema barabarani kuna watu wa aina mbili, wanaofika na wanaowahi, na wanaowahi mara nyingi hawafiki.

Kozi ya madereva wa abiria tulianza wanawake sita, tukabaki wawili. Mwenzangu alikuwa muuza mkaa mwenye mabega mapana na sauti ya kuvuka soko zima. Tulimwita Komando. Mimi nilikuwa mfagizi wa shule.

Shule yetu ilinunua basi la watoto wa chekechea, na wazazi wakaomba dereva awe mwanamke. Mkuu wa shule, mama asiyependa maneno mengi, akaniita ofisini.

"Nasikia unasoma masomo ya jioni."

"Ndiyo, mama."

"Basi kichwa kinafanya kazi. Nenda kajifunze udereva. Nafasi nakushikia mpaka shule zifunguliwe mwakani. Zikifunguliwa huna leseni, natafuta mwingine. Watoto hawawezi kunisubiri barabarani."

Dereva wa shule hupewa chumba nyuma ya jiko, na mtoto wake husoma hapohapo. Hicho chumba nilikitaka kuliko leseni yenyewe. Mwanangu ana miaka sita. Yuko kwa mama yangu, safari ya kutwa nzima, kwa sababu ninakolala tuko wafagizi wanne na watoto hawaruhusiwi. Huu ulikuwa mwaka wa pili. Kila Jumapili nilimpigia simu.

"Mama, basi lako rangi gani?"

"Njano."

"Mimi nitakaa wapi?"

"Kiti cha nyuma yangu, ninapokuona kwenye kioo."

Jumapili inayofuata ananiuliza tena, nami namjibu kwa maneno yaleyale. Nilipokosea nikasema "kiti cha karibu yangu," alinisahihisha.

Barabarani tulizoeleka. Mafundi wa gereji ya pale kona wakituona na kibao chetu cha wanafunzi walikuwa wanapaza sauti, "Pisheni, pisheni! Mama anapeleka sufuria!"

Siku moja Komando akatoa kichwa dirishani: "Na wewe ndiwe uliyemo, hujaiva! Ngoja nirudi nikugeuze!"

Hata Taratibu alicheka siku hiyo, huku anasema, "Macho mbele, mwanangu, macho mbele."

Lakini Komando na Taratibu hawakupatana kwa jambo moja. Mwezi wa tatu wa kozi, tukiwa tunateremka kuelekea hospitali, Komando alisimamisha basi pembeni, akazima injini.

"Mwalimu, toa mguu wako."

"Mguu gani, mwanangu?"

"Huo! Pedali yangu inashuka yenyewe kabla sijaigusa. Nani anaendesha hapa, mimi au wewe?"

"Nakusaidia kidogo tu."

"Asiyefunzwa na breki atafunzwa na ukuta! Kunja miguu, Mwalimu. Juu ya kiti. Sitoki hapa."

Na kweli hakutoka. Magari yalipiga honi nyuma yetu mpaka yule mzee akavua viatu, akakunja miguu juu ya kiti kama mtu aliyeketi mkekani. Komando akaondoa basi. Kwenye kivuko cha waenda kwa miguu alikanyaga breki kwa nguvu mpaka paji la uso wangu likagonga kiti cha mbele. Kwenye cha pili akakanyaga kwa pupa vilevile. Tangu siku ile, kila zamu yake, Mwalimu alikunja miguu.

Mimi niliona aibu kwa niaba yake. Mtu wa umri wa baba yangu anaambiwa akunje miguu! Zamu yangu ilipofika nikamwambia, "Mwalimu, wewe kaa unavyopenda. Umsamehe mwenzangu."

"Wewe umelelewa," akanijibu, akavaa viatu vyake.

Nami nilisimama vizuri, jamani. Nikiweka mguu juu ya pedali, basi linapoa, linatulia, hata chupa ya maji iliyokaa mbele ya kioo haitikisiki. Mwalimu alimwambia Komando atazame kwangu. "Huyu anasimama kama mtungi unavyotuliwa chini." Nililala na sifa ile siku nyingi. Niliamini breki ni kitu chepesi, ukikiheshimu kinakusikia.

Siku ya mtihani, zilikuwa zimebaki siku tisa shule zifunguliwe. Mtahini alikuwa askari wa usalama barabarani mwenye ubao wa kuandikia na kalamu iliyofungwa uzi. Mwalimu aliachwa getini. Komando alitangulia. Alirudi ameishika karatasi juu kwa mikono miwili, akacheza uwanja mzima, vumbi likapanda hadi magotini.

"Shoga, nenda kamalize! Tutoke hapa wawili!"

Nikaingia. Mkanda, vioo, breki ya mkono. Mtahini akakaa kwenye kiti cha Mwalimu, akarudisha miguu yake nyuma, chini ya kiti. Niliiona ikirudi nyuma, na haikunifikirisha lolote. Nilitoka uwanjani, nikazunguka mzunguko, nikawapisha wenye haki, nikateremka kuelekea hospitali. Mtahini alikuwa anaweka alama za vyema tu; nilikuwa naziona kwa jicho la pembeni.

Kwenye kivuko cha hospitali alikuwa anavuka mama mmoja, mtoto mgongoni, faili la kliniki mkononi. Nilimwona mapema. Nikaweka mguu juu ya breki, kama siku zote, kwa adabu. Kisha nikalisubiri basi lisimame.

Halikusimama. Nami bado nalisubiri. Hilo ndilo ninaloliota mpaka leo: mguu wangu uko pale pale, na ninasubiri.

Mtahini aliikanyaga ya upande wake. Chupa ya maji iliruka, ikapasuka chini. Tulipotulia, yule mama alikuwa ameweka kiganja chake juu ya bati la mbele ya basi, kama anayelizuia. Alinitazama kupitia kioo. Mtoto mgongoni alikuwa amelala, na hakuamka. Kisha mama akaondoa mkono, akavuka.

"Dada, kwa nini hukukanyaga?"

"Nilikanyaga, afande."

"Uliigusa." Akaikata karatasi yangu kwa mstari mmoja mrefu. "Mtahini akishakanyaga, mtihani umekwisha. Utarudi baada ya miezi mitatu. Shuka tubadilishane viti."

Mwalimu aliona ni nani anaendesha tunaporudi, akavua kofia. Sikuwahi kukiona kichwa chake kabla ya hapo. Nilikwenda moja kwa moja kwenye mlango wa upande wake, nikafunua zulia, nikamwonyesha raba iliyosagika na lile tundu.

"Mwalimu, mimi nimewahi kulisimamisha basi hili? Hata mara moja?"

Aliitazama raba kama mtu anayeonyeshwa picha yake ya zamani.

"Miaka mingi iliyopita," akasema, "nilikuwa na mwanafunzi hodari, kama wewe. Kwenye kivuko nilikuwa natazama dirishani. Nilimwamini. Akamgonga mtoto wa shule. Tangu siku ile mguu huu hauniulizi, mwanangu. Unakwenda wenyewe."

"Ulikuwa unajua?"

"Kuna siku najua, kuna siku sijui. Komando alinifukuza." Akaikunjakunja kofia. "Wewe hukunifukuza."

Nilitafuta hasira nikaikosa. Ni mimi niliyemwomba akae anavyopenda.

Jumatatu nilisimama mbele ya mkuu wa shule. Aliangalia mikono yangu, akaona haina kitu.

"Lini tena?"

"Baada ya miezi mitatu, mama."

Alifunika kalamu yake. "Yupo mwanamke mwingine unayemjua, mwenye leseni?"

Ningeweza kunyamaza. Lakini nilikumbuka kile kiganja juu ya bati, na nilikuwa nawajua wale watoto wa chekechea mmoja mmoja, nani anavaa viatu kinyume, nani analala njiani.

"Namjua," nikasema. "Huyo anasimama."

Komando alinifuata nikiwa napiga deki varandani, ndoo katikati yetu.

"Shoga, sema neno moja tu. Naikataa kazi hii sasa hivi."

"Ukiikataa watampa mwingine. Una watoto watatu wanaovuta vumbi la mkaa."

"Na wako?"

Nilikamua tambara. Akabeba ndoo akaenda kunibadilishia maji, akarudi nayo imejaa mno, tukashindwa hata kucheka.

Jumapili nilipiga simu.

"Mama, basi lako rangi gani?"

"Njano."

"Mimi nitakaa wapi?"

"Nipe bibi, mwanangu. Nipe bibi kwanza."

Nilimweleza mama yangu yote. Alinisikiliza mpaka mwisho, akakohoa.

"Mbona nilishamwandikisha shule ya huku," akasema. "Tangu mwezi uliopita. Usinielewe vibaya. Sikutaka tu akose kote." Nyuma yake nikamsikia mwanangu anauliza kama nimeshajibu.

Sasa basi la njano linarudi asubuhi saa mbili, linaegeshwa karibu na jiko, nami nalifagia. Chumba cha nyuma kina pazia la Komando, na wanawe hutoka humo wamevaa sare. Yeye husimamisha vizuri, watoto hawayumbi tena. Amejifunza.

Juzi nilipanda kwenye kiti cha dereva, injini imezimwa. Raba ya breki ile ina mistari yake yote. Niliikanyaga, ikashuka. Nikaikanyaga tena, ikawa nzito. Mara ya tatu ikagoma kabisa, ngumu kama jiwe. Mwalimu alitufundisha hivyo, kwamba injini ikizimwa breki hukupa mara mbili tu au tatu. Nilisimama juu yake kwa miguu yote miwili, nimeshika usukani.

Kisha nikashuka, nikachukua fagio, nikaanza na kiti cha nyuma ya dereva. Chini yake kulikuwa na maganda ya chungwa na kifungo kimoja cha sare, kidogo, cha mtoto wa miaka sita hivi.