Sababu ya Hitilafu

Kompyuta ya mtu yeyote ikigoma katika kampuni yetu, naitwa mimi, na nikishaitengeneza ni lazima nijaze fomu. Fomu ni fupi: jina la mtumiaji, saa, nilichofanya. Chini kabisa kuna kisanduku kimeandikwa "Sababu ya hitilafu", nawe unachagua moja: umeme, mashine, au mtumiaji. Ukichagua "mtumiaji", barua inakwenda yenyewe kwa meneja na nakala yake inaingia katika faili la mtu huyo.

Wiki yangu ya kwanza sikulijua hilo. Aliyenifumbua macho ni mzee wa stoo. Kompyuta yake ilikuwa imezimika. Nikainama chini ya meza nikakuta waya umechomoka, na mguu wa mzee bado uko juu yake.

"Binti yangu," aliniambia nilipoanza kujaza fomu, "nimebakiza mwaka na nusu nistaafu. Usiniandike."

"Ni waya tu, mzee."

"Kwako ni waya. Kwenye faili langu ni uzembe."

Nikachagua "mashine". Niliona si dhambi. Mashine haina faili, haina wajukuu, haistaafu.

Habari za namna hiyo hazihitaji mtandao ili zifike. Haukupita mwezi wakaanza kuniita Daktari. "Daktari, printa yangu inatapika karatasi." "Daktari, nilibadilisha neno la siri, sasa nimesahau jipya na la zamani pia." Mimi ni mwoga wa watu, darasani nilikuwa nakaa nyuma nikiomba mwalimu asinione. Lakini mtu akija amenyong'onyea kwa kosa lake, naona kama nimeombwa maji. Nilikuwa natengeneza, nachagua "mashine", naondoka. Hata meneja alimwagia kibodi yake chai mara tatu, na kila mara alisimama kando akiniambia kuwa joto la siku hizi linaua vifaa. Niliipindua ile ya tatu, ikadondosha majani ya chai.

"Kweli bosi," nilimjibu, "joto limezidi."

Aliyenipenda kuliko wote alikuwa mkuu wa dawati la wateja. Ofisi nzima inamwita Dada Mkubwa, na mimi nilimwita Dada. Chumba changu kiko chini ya ngazi, hakina dirisha, kimejaa kibodi zilizokufa na waya zilizosokotana kama nywele za mtu aliyetoka usingizini. Siku zangu za mwanzo nilikuwa nakula humo peke yangu. Siku moja akafungua mlango bila kubisha.

"Wewe ni panya? Toka humo. Mdogo wangu hali chakula na waya."

Tangu siku hiyo nilikula mezani kwake. Alinifundisha kupokea simu bila kutetemeka, akanifundisha kumwambia mtu "subiri" bila kuomba radhi mara nne. Kwetu mimi ndiye mkubwa, nina wadogo watatu wa kiume. Sikuwahi kuwa na dada. Kila niliporudi nyumbani nilimsimulia Mama habari zake mpaka Mama akacheka: "Huyo dada yako namjua hata nguo anazovaa."

Mwezi wa tano, Dada alikuja chumbani kwangu akafunga mlango kwa mgongo. Alikuwa analia. Alitaka kufuta nakala za zamani, akafuta folda nzima ya mikataba ya wateja, miaka saba ya kazi, na kesho yake wakaguzi walikuwa wanakuja.

"Nimekwisha, mdogo wangu. Nimekwisha."

"Hujaisha, Dada. Kaa."

Nilitoa nakala ya akiba, nikarudisha mkataba mmoja mmoja pale ilipogoma kurudi kwa pamoja. Ilinichukua siku nzima. Katika kisanduku nikachagua "mashine". Alinikumbatia mpaka miwani yangu ikapinda. "Hili," alisema, "nitaingia nalo kaburini."

Mkataba wangu ulikuwa wa mwaka mmoja. Ulipokaribia kuisha, meneja aliniita kwenye kikao cha kuamua kama nitapewa ajira ya kudumu. Dada angekuwepo kama msemaji wa watumiaji. Asubuhi ya kikao nilimfuata mezani kwake nikamwambia nasikia kuna jambo kuhusu takwimu za hitilafu. Alinirekebisha kola ya shati.

"Wewe kaa kimya tu, niachie mimi. Nani atakutoa hapa na mimi nipo?"

Niliingia nikiwa mwepesi. Mama, ambaye ni mshonaji, alikuwa amenishonea sketi ya siku hiyo, na majirani wawili walikwishaambiwa kwamba mtoto amepata ajira.

Meneja alifungua karatasi. "Mwaka kabla hujaja, hitilafu za mashine zilikuwa kumi na mbili. Mwaka huu ni arobaini na tisa. Mashine ni zilezile. Kilichobadilika ni mtu anayezitunza." Akamgeukia Dada. "Watumiaji wanasemaje?"

Nilimtazama Dada nikiwa natabasamu kabisa. Najua nilitabasamu, kwa sababu nakumbuka jinsi mashavu yalivyoniuma baadaye.

"Binti ana adabu," Dada alisema. "Ana moyo mzuri, hakuna asiyempenda. Lakini lazima tuseme ukweli, mashine zinatusumbua. Hata ile mikataba ya wateja, mwezi wa tano, kompyuta ilijifutia yenyewe. Ilibaki kidogo tuumbuke mbele ya wakaguzi."

Hakuna aliyemuuliza habari ya mikataba. Aliitaja yeye mwenyewe, kwa hiari yake, huku akichezea kifuniko cha kalamu.

Nilisikia sauti ikisema, "Si mashine." Ilikuwa yangu.

"Sema tusikie," meneja alisema.

"Hitilafu za mashine ni tisa. Arobaini ni za watu. Nilikuwa naandika mashine ili wasiandikiwe barua."

"Yaani ulikuwa unaidanganya kampuni mwaka mzima?"

"Nilikuwa nawasitiri, bosi."

"Hii ni ofisi, si nyumba ya kusitiriana! Na mikataba?"

Niliwaza kwamba sasa Dada atasema. Nilimpa nafasi.

"Mimi sikumbuki kufuta kitu," Dada alisema taratibu. "Labda amechanganya na mtu mwingine. Ana kazi nyingi, maskini."

"Seva, ile kompyuta kuu, inaandika kila kinachofutwa," nikasema. "Nani, saa ngapi, kwenye kompyuta ipi. Na waliosababisha zile nyingine nawajua wote."

Meneja alichangamka. Akavuta karatasi tupu, akafungua kalamu. "Vizuri sana. Nitajie majina. Wote, mmoja baada ya mwingine."

Nilikuwa natafuta pa kuanzia, na macho yangu yakaangukia kibodi iliyokuwa mbele yake, mpya, ya nne tangu nifike. Naye akatazama nilipotazama. Kikombe kilikuwa pembeni yake, kinafuka moshi. Akakisogeza mbali kidogo.

Akakohoa. Akafunga kalamu.

"Majina si muhimu," alisema. "Muhimu ni kwamba umekiri kuandika taarifa za uongo. Kampuni haiwezi kumwajiri mtu wa namna hiyo. Utamaliza mwezi, utakabidhi vifaa."

Dada alitikisa kichwa kwa huzuni, kama mtu aliyepata habari za msiba wa mbali.

Nilishuka ngazi nikihesabu vidato, ili nisiwaze kingine. Chumbani nilianza kubandika lebo kwenye waya, kwa ajili ya atakayekuja baada yangu. Sikulia. Nilikuwa natafuta namna ya kumwambia Mama, na kila sentensi niliyoitunga ilianza na neno "Dada".

Mlango ukafunguliwa bila kubishwa.

"Mdogo wangu." Aliufunga kwa mgongo, kama siku ile. "Usinichukie. Wewe umesoma, bado mbichi, kesho utapata kazi mahali pengine. Mimi nina miaka kumi na sita hapa. Nina watoto. Naambiwa mwezi ujao napandishwa cheo. Ningefanyaje?"

"Ungenyamaza," nikasema. "Hukuulizwa habari ya mikataba."

"Nilikuwa nahakikisha tu. Niliogopa utaitaja."

"Mwaka mzima sikuitaja."

Alikaa juu ya kiti changu, akapangusa vumbi kwenye meza kwa kidole. Nilidhani anatafuta neno la kuomba radhi, na aibu yangu ni kwamba, kama angelipata, ningempokea hapo hapo. Hivyo ndivyo nilivyo.

"Ile rekodi uliyosema," akaanza. "Ya kwenye seva. Bado ipo?"

"Ipo."

"Na mtu mwingine anaweza kuiona?"

"Akijua pa kutafuta."

Akasogeza kiti karibu, akashika mkono wangu. Mkono wake ulikuwa wa joto, uleule. "Basi kabla hujaondoka, nifutie. Dakika moja tu kwako wewe. Nifanyie hilo la mwisho."

Nilitazama mkono wake juu ya wangu. Kisha niliutoa wangu, si kwa nguvu, nikavuta droo, nikatoa fomu tupu ya karatasi, moja ya zile tunazotumia mtandao ukikatika. Nikaiweka mbele yake na kalamu juu yake.

"Nini hii?"

"Ombi la huduma, Mkuu. Kila kazi ina fomu yake. Andika unachotaka nikufanyie, na jina lako."

Aliisoma kama hajawahi kuiona. Labda kweli hakuwahi. Mwaka mzima nilikuwa namjazia mimi.

"Na hapa chini?" aliuliza, kidole juu ya kile kisanduku.

"Hapo ni sababu," nikamwambia. "Hiyo utachagua mwenyewe."

Nikamgeuzia mgongo, nikaendelea kubandika lebo. Sikusikia kalamu ikiandika. Baada ya muda nilisikia kiti, halafu mlango.