Nusu Inafuatwa na Nini

Nabututu aliajiriwa kuwasaidia walimu wa Hisabati katika shule za msingi za Kisumu, na kazi yake aliielewa vizuri mpaka asubuhi alipokaribishwa katika shule moja ya Kaloleni. Mwalimu mkuu, Madam Bridget, alimpokea mlangoni akiwa na uso wa mtu aliyeshindwa kulala.

"Kuna darasa nataka uanze nalo," alisema. "Gredi ya Nne. Watoto wanapenda hesabu kupita kiasi."

"Na shida ni nini?"

"Mwalimu wao hajui hesabu." Akatikisa kichwa. "Mimi sielewi. Nenda ujionee."

Nabututu alidhani ni mzaha. Akaketi nyuma ya darasa, magoti yamembana chini ya dawati dogo, akamtazama Mwalimu Joram Oluoch akiandika ubaoni. Joram alikuwa mtu mrefu wa makamo, shati limechomekwa, mwandiko mzuri ajabu. Aliandika nusu, alama ya kujumlisha, theluthi. Kisha akajumlisha ya juu na ya juu, ya chini na ya chini, akapata mbili kwa tano. Akapiga mstari chini ya jibu, tena kwa rula.

Nabututu akainamisha macho. Aliona haya kwa niaba yake.

"Mwalimu, hapo kuna maneno," alisema msichana wa mstari wa mbele.

"Maneno gani, Apiyo?"

"Tuseme niko na nusu ya muwa. Unaniongezea theluthi ya muwa. Sasa mbona muwa wangu umekuwa mfupi?"

"Umefupika vipi?"

"Mbili kwa tano haifiki nusu."

Joram alirudi ubaoni. Aliangalia jibu lake kwa muda mrefu, mpaka Nabututu akakaribia kusimama amwokoe. Kisha Joram akasema, polepole, "Ni kweli. Haiwezekani. Lakini sijui nimekosea wapi."

Darasa likawaka. Hesabu ilikuwa imeanza kwa Kiingereza, kama ilivyo kitabuni, lakini ubishi haukungoja Kiingereza. Ulipita kwa Kiswahili na Dholuo, watoto wakisimama juu ya madawati, wakichora miwa kwenye sakafu kwa chaki. Mvulana aliyeitwa Cliff alisema vipande haviwezi kuhesabiwa pamoja kama havilingani. Mwingine akasema basi tuvikate mpaka vilingane. Walikata na kufuta, wakagombana, wakakata tena. Kengele ya mapumziko ililia na hakuna aliyetoka. Walipofika kwenye tano kwa sita, Joram alikuwa amechuchumaa sakafuni katikati yao, magoti ya suruali yamejaa chaki, akiuliza, "Mna hakika? Nionyesheni tena."

Nabututu alitoka pale akiwa hajui ameona nini. Alikuwa amehudhuria mafunzo mengi ya namna ya kuwafanya watoto wafurahie Hisabati. Alikuwa na kadi za rangi, michezo, hata nyimbo. Hakuna mahali alipofundishwa kwamba mwalimu akosee.

Alimkuta Joram katika chumba cha walimu, akipangusa suruali.

"Mwalimu, niambie ukweli. Ulifanya makusudi?"

Joram alicheka kidogo, cheko lisilo na raha. "Ningependa kusema ndiyo, Madam. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili na Dini. Mwenye Hisabati alihamishwa Ahero, nikaambiwa nishikilie darasa kwa muda. Huo muda haujaisha."

"Lakini watoto wako..."

"Watoto wangu wananionea huruma. Kila siku naaibika mbele yao." Akaacha kupangusa. "Umekuja kusaidia. Nisaidie basi. Nataka siku moja nisimame pale nikijua ninachosema."

Angemkataliaje? Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake. Alianza kuja jioni baada ya masomo, wakaketi katika darasa tupu, wakaanza na sehemu, wakaenda kwenye desimali, wakarudi kwenye kugawanya. Joram alikuwa mwanafunzi mzuri kuliko alivyotarajia. Siku alipoelewa kwa nini sehemu ikigawanywa kwa sehemu, ile ya pili hupinduliwa, alisimama akazunguka darasa, akarudi akaketi. "Miaka yote hii," alisema, "nilidhani ni amri tu ya mtu." Nabututu alirudi nyumbani siku hiyo akiwa mwepesi. Aliona kazi inakwenda.

Muhula ulipokuwa unakaribia katikati, alirudi kuketi nyuma ya darasa. Joram alifundisha bila kosa hata moja. Alieleza hatua kwa hatua, akatoa mifano, akauliza maswali, akasahihisha majibu kwa upole. Ubao ulikuwa safi kama ukurasa wa kitabu. Madam Bridget alichungulia dirishani akatabasamu, akaenda zake.

Na watoto walikaa kimya. Waliandika. Joram alipouliza kama wameelewa, waliitikia kwa pamoja, "Ndiyo, mwalimu." Apiyo alikuwa ameegemeza shavu mkononi, akiangalia korongo aliyetua juu ya tangi la maji. Kengele ilipolia, chumba kilibaki na watu wawili tu: Nabututu na Joram.

"Umeona?" Joram alisema.

"Nimeona. Ulifundisha vizuri sana."

"Najua. Ndiyo maana sielewi." Alifuta ubao polepole. "Nilipokuwa sijui, walinipigia kelele mpaka nikaumwa kichwa. Sasa najua, wananiitikia kama watu wa kanisani. Tumefanya nini, Madam?"

Nabututu alitembea mpaka kituoni akijiuliza kama amemsaidia mtu au amemharibia. Akajaribu kujiambia kwamba kimya ni utulivu, na utulivu ni kujifunza, lakini maneno hayo hayakukaa.

Ni Joram aliyekuja na wazo la kujifanya. "Nitakosea tena," alisema. "Safari hii kwa kukusudia." Nabututu alisita, kisha akakubali kwa sababu hakuwa na wazo bora. Kesho yake Joram aliandika nusu na theluthi vilevile kama zamani, akapata mbili kwa tano, akageuka na kukuna kichwa.

Hakuna aliyenyanyua mkono. Watoto walimtazama, kisha wakatazamana.

"Mwalimu," Apiyo alisema hatimaye, kwa sauti ya chini, "si unajua hiyo?"

"Nimesahau kidogo."

"Hujasahau. Unatucheza."

Joram alisimama pale, chaki mkononi, masikio yakipata moto. Nabututu aliona kwamba aibu hii ilikuwa mbaya kuliko zile za mwanzo. Zile zilikuwa za mtu asiyejua. Hii ilikuwa ya mtu aliyeshikwa.

"Ni kweli," Joram alisema. "Najua jibu. Samahani." Alifuta ubao wote, akabaki amelipa darasa mgongo, kama hajui aandike nini. Nabututu naye hakujua. Alifikiria kadi zake za rangi kwenye mkoba, akaona hata kuzitoa ni upuuzi.

Cliff, ambaye alikuwa ameketi kando akichezea kifuniko cha kalamu, ndiye aliyevunja kimya. Hakuonekana kutaka kumsaidia mtu. Aliuliza tu kama anayeuliza saa.

"Mwalimu, baada ya moja inakuja mbili, sivyo?"

"Ndiyo, inakuja mbili."

"Na baada ya nusu inakuja gani?"

Joram aligeuka. Nabututu, kule nyuma, alikuwa na jibu tayari, jibu la chuoni lenye maelezo marefu, na tayari alikuwa ameweka mikono juu ya dawati ili asimame. Lakini aliona watoto wamenyanyua vichwa. Hawakuwa wanamtazama Cliff. Walikuwa wanamchunguza Joram usoni, wote, kwa umakini wa kutisha, wajue kama ni mchezo tena.

"Sijui," Joram alisema. Sauti ilimtoka nyembamba. "Sijawahi kufikiria."

Apiyo alimwangalia sekunde kadhaa. Kisha akageukia wenzake. "Huyu hajui," alitangaza, na madawati yakaanza kuburutwa.

Mmoja alisema ni robo tatu. Mwingine akasema theluthi mbili iko karibu zaidi. Wakachora muwa mrefu sakafuni, toka ukuta mpaka ukuta. Joram akapendekeza tatu kwa tano, wakaipima, wakaikubali, kisha Cliff akaleta nne kwa saba na kuiharibu. Kila aliyedhani amepata alikuta kuna nyingine imejibana katikati.

"Inakataa kuisha," Apiyo alilalamika. "Kwa hivyo nusu haina jirani?"

Nabututu alikuwa bado ameketi. Mikono ilimuuma kwa kuikunja. Alitaka sana kuwaambia, na hakujua kama kunyamaza kwake ni hekima au ni uvivu wa kazi anayolipwa. Kengele ililia. Baadhi walitoka mbio kwenda kucheza mpira. Wengine walibaki wakibishana.

Joram alimjia nyuma, jasho likimtiririka. "Madam, mimi sijui kama nimefurahi au nimeaibika."

"Hata mimi sijui nikuambie nini."

"Tusiache masomo ya jioni, tafadhali. Kutojua nusu na theluthi, hapana, sirudi huko." Alitazama muwa wa chaki uliokuwa umewekewa alama kila mahali. "Lakini naomba hiyo ya jirani wa nusu usinieleze kwanza."

Siku chache baadaye msimamizi wa Nabututu alimpigia simu. Madam Bridget alikuwa amesifu kazi, na sasa walimu wa upande wa Mamboleo walikuwa wanamngoja. Msimamizi alitaka kujua ni mbinu gani alitumia, ili wenzake nao waitumie.

Nabututu alijaribu kueleza. Alisema mwalimu ajue somo lake. Kisha akasema lakini asijue kila kitu. Kisha akasema asijifanye hajui.

"Nabututu, sikuelewi."

"Hata mimi," alisema. "Naomba nibaki hapa muhula mmoja zaidi. Kuna kitu sijakielewa."

Msimamizi alinung'unika, akasema atampa Jumatatu tu, siku nyingine aende Mamboleo. Jumatatu iliyofuata alifika somo likiwa limekwisha anza. Darasa lilikuwa na kelele, na hakuweza kutambua kama ni kelele nzuri au mbaya. Joram alimpungia mkono bila kuacha kuongea. Apiyo alimtazama, akasogea kwenye benchi akampisha nafasi mstari wa mbele, kisha akamsukumia kipande cha chaki.