Kilo za Everlyne

Siku nne kabla ya Krismasi, Mildred alivua viatu kando ya barabara pale Makina, Kibera, akapanda mzani wa Mbuthia, kama alivyofanya kila asubuhi ya Desemba akienda kazini saluni. Mbuthia, mzee anayepima watu uzito akiwa ameketi juu ya kreti ya soda, aliinama, akasoma, akaguna.

"Hiyo ni ya watu wawili, madam."

"Niko peke yangu."

"Haya, shuka. Panda tena." Mshale ukarudi palepale. "Wawili. Wewe ni vilevile kama jana. Huyu mwingine ana arobaini na moja. Mwepesi sana huyo. Mwambie akule."

Mildred alivaa viatu vyake. Arobaini na moja ndizo kilo zilizoandikwa mara ya mwisho kwenye kadi ya hospitali ya dada yake Everlyne, mwezi wa Aprili.

Mbuthia alikuwa ameshawaona wengine. Jumatatu, alisema, mama mmoja wa Soweto East alipanda na marehemu mumewe, mshale ukazunguka ukapita mwisho. Mama huyo alikuwa akilalamika magoti.

Krismasi iliyotangulia, nyumbani kwa Senge Musimbi, dada wa baba yao, kule Kawangware 46, Senge alimwambia Everlyne mbele ya watu kwamba amejaa kama gunia la viazi. Watu walicheka. Everlyne naye akacheka. Kuanzia Januari akawa anakunywa maji ya tangawizi na ndimu, akiulizwa anasema ameshiba. Daktari aliandika kwamba ni moyo. Senge Musimbi alilia mazishini kuliko wote, na kilio chake kilikuwa cha kweli.

Sasa Mildred alikuwa na wiki mbili akishinda na chai ya rangi, ili Krismasi ikifika Senge akose la kusema. Siku ile pia aliruka chakula. Kesho yake Mbuthia alisoma: Mildred vilevile, yule mwingine arobaini kamili.

"Anashuka," Mbuthia alisema.

Mchana Mildred alinunua githeri, akaila yote, moyo ukimdunda kama mtu anayeiba. Asubuhi iliyofuata Everlyne alikuwa arobaini na moja tena.

"Akishuka mpaka aishe, ataenda wapi?" Mildred aliuliza.

"Sijui," alisema Mbuthia. "Hao hawarudi kupimwa."

Siku ya Krismasi alikwenda Kawangware kwa miguu, polepole, kama mtu aliyebeba mtoto aliyelala. Senge Musimbi alimkumbatia mlangoni, akampima kwa mikono yote miwili.

"Mildred! Haki umefura! Kwani huko Kibera mnakula hamira?"

"Krismasi njema, Senge."

Alipoketi, kiti cha plastiki kilitanua miguu. Jamaa waliojaa sebuleni wakacheka. Senge akamwagiza Celine, mjukuu wake wa miaka kumi na miwili, "Leta kiti kingine umwekee juu ya hicho, asije akanivunjia."

"Tuko wawili, Senge. Nimekuja na Everlyne."

Senge alikitazama kiti, akaona ni kweli, akamgeukia Everlyne. "Karibu, mama. Lakini wewe nawe! Umeisha kabisa. Kwani huko hawapiki?" Akafuta macho kwa leso, kisha akawapakulia sahani moja: kuku wa kienyeji, mboga ya mrenda, chapati tatu zilizokunjwa.

Mildred alikaa juu ya viti viwili, ameinuka kuliko wote kama mwenyekiti wa chama. Alizitazama chapati. Akavunja kipande, akatafuna. Kilipopita kooni, kichwa kilimwegemea bega la kushoto, kizito, vile Everlyne alivyokuwa akisinzia kanisani mahubiri yakirefuka. Akavunja kingine. Kila tonge lilipoteremka, bega nalo liliteremka kidogo. Alishukuru kimoyomoyo kwa kuku, kwa Senge aliyeamka saa kumi alfajiri kukanda unga, na kwa bega lililoanza kumuuma. Tangu Aprili hakuwa ameonja kitu kikawa na ladha.

"Ya tatu hiyo!" Senge alitangaza. "Mildred, hata gunia hujaa!"

"Niongeze ya nne, Senge."

"Heh! Huyu haya zilimwisha." Lakini alimwongeza, tena akamchagulia ile laini.

Kisha akamgeukia Celine. "Na wewe usimwige. Angalia hayo mashavu, kesho yataziba macho."

Celine alicheka kama wengine. Akarudisha nusu ya chapati yake ya pili kwenye hotpoti. "Nimeshiba, guku," akamwambia bibi yake.

Mildred alilijua neno hilo. Kabla hajafungua mdomo, bega lake likawa jepesi. Mbele yake kiti cha Celine kikatanua miguu, ingawa mtoto mwenyewe alikuwa mwembamba kama ufito. Celine akatazama bega lake la kushoto, akasogea kidogo kumpa mtu nafasi.

"Ana njaa," Mildred alimwambia. "Usimwache hivyo."

Celine akafunua hotpoti, akaitoa ile nusu, akauma. Mildred akainamisha kichwa na kusema asante, safari hii kwa sauti.

"Ya pili hiyo, Celine," Senge Musimbi akahesabu. "Mimi nawaona tu."