Kisamaki Kilichokataa Kuhamishwa

Kisamaki kilirukaruka juu ya mwamba mkavu, kikikokota tumbo, kikajichomeka tena kwenye ufa kilikotolewa. Mpimaji wa ardhi alikuwa amekihamisha mara mbili. Hakikuzidi nusu ya penseli kwa urefu, kichwa butu, macho yamechomoza juu kama ya chura. Kesho yake mafundi wangemwaga zege pale kujenga ukuta wa kuzuia mawimbi. Yeye na mwenzake walitumwa kuokoa viumbe vinavyoweza kuokolewa kabla maji hayajajaa.

"Dume hilo," alisema mwenzake, mama wa makamo aliyeshika ndoo. "Jike hutaga akaenda zake. Baba ndiye hubaki na mayai."

Mpimaji alichungulia. Mayai yalikuwa yameganda jiweni kama punje za mtama; ukiyabandua, yanapasuka.

"Haya hayaokoki, mama."

"Hayaokoki. Lakini nani atamwambia baba yao?" Mama akaweka ndoo chini. "Wahenga husema uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Hawakusema mzazi yupi."

Mpimaji aliinamisha uso. Wiki tano zilizopita, mwanawe wa kwanza aliishi saa sita tu. Mkewe alikuwa bado amelala kwa dawa za upasuaji. Alipozinduka, mtoto alikuwa ameshakwenda. Tangu hapo humuuliza mumewe swali moja: "Alikuwaje?" Naye hujibu, "Tumwachie Mungu," akachukua mkoba wake akaenda kazini. Alidhani anamkinga. Kumbe saa zile sita ndizo zilizokuwa maisha yote ya mtoto wao, naye amezifungia kifuani kana kwamba ni zake peke yake.

Maji yalianza kurudi, yakilamba viatu vyao. Mara ya tatu alikifumbata kisamaki kwa viganja viwili, akakitia ndooni na kufunika. Njia nzima alikisikia kikigonga kifuniko. Walikiachia kwenye kidimbwi cha mbali, upande wa pili wa ufuo, ambako hakingeweza kutoka na kurudi ufani. Kilizama chini ya jiwe, hakikuonekana tena.

"Umefanya vyema, mwanangu," mama alisema.

"Sijui, mama. Kwa kweli sijui."

Alifika nyumbani jua lingali juu. Mkewe alikuwa sebuleni akikunja nguo, hakuinua macho. Mpimaji hakuketi kitini. Alikaa sakafuni karibu na miguu yake, suruali ingali mbichi kwa maji ya chumvi.

"Alikuwa na nywele nyingi," alisema. "Nyingi, zimelala mpaka kisogoni. Na hakulia sana. Alipiga chafya mara moja, muuguzi akacheka."

Shati lilibaki hewani mikononi mwa mkewe.

"Alinishika kidole," aliendelea. "Akakishika tu. Sikuthubutu hata kujikuna."

Mkewe aliliweka shati chini polepole. Akamshika mkono, akakifungua kiganja, akavipitia vidole kimoja baada ya kingine.

"Kipi?" aliuliza.