Mtambo wa Pili

Saa moja na nusu asubuhi mfagizi alikuwa akipiga deki chumba cha tanuri, mahali ambapo watafiti huchoma gesi ili kaboni yake itue juu ya kibati na kuwa almasi. Mara nyingi iliishia kuwa masizi. Mfagizi alikohoa, almasi ikamtoka mdomoni, ikalia "ting" ndooni. Akaiokota, akaisuuza, akaitia kwenye kopo la skrubu zilizopotea, kisha akahamia kona ya dirishani.

Kufikia Alhamisi zilikuwa sita.

"Skrubu gani hizi?" aliuliza Profesa, mkuu wa maabara.

"Si skrubu, Profesa. Ni kifua changu. Miaka tisa navuta masizi yenu. Nipeni barakoa."

"Barakoa ni za watafiti, mama. Ndivyo fomu inavyosema."

Fundi wa tanuri alicheka hadi akashika mbavu. "Shangazi, unaingiza masizi, unatoa almasi! Kumbe ni kutoa 'zi' na kutanguliza 'al' tu!"

"Cheka wewe. Mimi hata ngazi za nyumbani sipandi bila kupumzika mara mbili."

Walizipima. Zilikuwa safi kuliko zote zilizowahi kutoka tanurini. Profesa akaandika makala, akakwama kwenye neno moja: amwiteje? Mtafiti haiwezekani, hana shahada. Mfagizi haifai, wasomaji wangeuliza ufagio unahusiana nini na sayansi. Mwishowe akamweka chini ya "Vifaa": mtambo wa pili. Fundi akambandika namba kwenye koti.

Mfagizi aliisoma namba ile, akaenda moja kwa moja hadi kwenye tangazo la mlangoni, akaligonga kwa kidole.

"'Kila mtambo ukingwe dhidi ya vumbi.' Haya, nikingeni."

Kanuni ni kanuni. Mtunza stoo alileta turubai jipya la plastiki, lenye zipu. Profesa, mtu makini, alilisoma tangazo mpaka mstari wa mwisho.

"'Wakati hautumiki,'" alisema kwa upole.

Basi kila saa kumi alasiri, kazi ikiisha, fundi humvika mfagizi turubai toka utosini hadi nyayoni, akafunga zipu. Naye huenda nyumbani hivyo hivyo, akiitikia salamu za majirani kutokea ndani, bila chembe ya hewa safi kumgusa. Asubuhi fundi humfungulia zipu mbele ya tanuri.

"Vuta pumzi, Shangazi," humwambia. "Ndefu."