Kufuli Huvutwa Mara Mbili

Naapa kwa mvi zangu, hizi chache zilizobaki, kwamba haya yote ni kweli tupu. Sijaongeza chumvi hata ya kuonja. Fundi saa ninayemsimulia ni jirani yangu, ukuta kwa ukuta. Akikohoa kwake, mimi huku nasema pole. Atakayenikuta na uongo humu ndani, anivishe sare ya konstebo na anipe lindo baya kuliko yote. Nimesema.

Basi, fundi huyo alikuwa ameshastaafu. Sebule yake ilijaa saa za ukutani ambazo wenyewe hawakurudi kuzichukua, kila moja ikisema lake. Mkewe alitangulia zamani. Aliyebaki kumtembelea ni mjukuu wake, msusi, ambaye kila Jumapili mchana alikuja na kompyuta mpakato, akaiweka juu ya meza ya kazi ya babu yake, katikati ya bisibisi na springi, na kuingia mjini.

Mji wenyewe ulikuwa wa mchezo, humo humo kwenye mtandao. Mjukuu aliujenga kwa mikono yake, jioni baada ya jioni, vidole vikiwa bado vinauma kwa kusuka. Watu wa kila pembe waliingia humo, kila mmoja akachagua kazi na kuigiza maisha yake kwa sauti yake mwenyewe. Huyu daktari, yule dereva wa teksi, wengine wezi. Kulikuwa na kituo cha polisi kizuri, kimepakwa rangi mpaka darini. Tatizo, kila aliyeingia polisi alitaka kuwa mkuu wa polisi.

"Babu, nina makamanda wa kujaza basi," mjukuu alilalamika. "Konstebo sina hata wa dawa."

"Konstebo anafanya nini?"

"Anasimama njia panda. Anatukanwa. Risasi zikianza, anakufa wa kwanza."

"Sasa hapo unamlaumu nani?"

"Simlaumu mtu. Lakini wezi nao wanaondoka. Wanaiba, wanatoka benki wanatembea kama wametoka dukani. Mwizi asiye na wa kumkimbiza ni mbeba mizigo tu, babu. Wamechoka. Hali ikiendelea hivi, mwisho wa mwezi naufunga mji."

Fundi alishtuka. Mji ule ukifungwa, Jumapili nazo zitafungwa. Msichana wa umri ule haji kwa babu kutazama saa mbovu.

"Muulize babu mdogo," mjukuu akasema taratibu, kama mtu anayegusa jino bovu. "Yeye alikuwa konstebo maisha yake yote. Atajua kinachomfanya mtu aipende kazi ile."

Hapo palikuwa na mwiba. Babu mdogo, yaani mdogo wake fundi wa tumbo moja, alikaa mtaa wa pili, na hawakuwa wamesemezana tangu siku ya kuagwa kwake kazini. Siku hiyo fundi alipewa nafasi aseme neno la familia. Akasimama na soda yake mkononi, akasema: "Nimeona saa nyingi zilizosimama, lakini iliyosimama kama mdogo wangu sijaiona. Kaingia konstebo, katoka konstebo!" Ukumbi ulivunjika kwa kicheko. Mdogo mtu naye alicheka. Kisha akavua kofia, akaipangusa vumbi lisilokuwepo, na tangu siku hiyo hakukanyaga kwa kaka yake.

Kumwendea sasa na kumwomba ushauri? Fundi aliinamia springi zake. Jumapili iliyofuata akasema, macho makavu kabisa, "Nimezungumza naye. Kanieleza yote."

Hakuwa amezungumza na mtu. Lakini alikuwa na kitu kimoja alichokijua kwa masikio yake. Enzi zile mdogo wake alipolinda mtaa wa maduka, kila jua likizama alipita mlango kwa mlango akivuta makufuli. Hakuyatazama, aliyavuta. Ka-ka. Mara mbili, kisha mlango unaofuata. Fundi alikuwa na mazoea ya kubaki kwenye kibanda chake cha saa mtaani hapo, amejifungia, kufuli likining'inia kwenye mlango wa nondo, na kila jioni aliisikia ile ka-ka, na kila jioni alipiga kelele kutoka ndani: "Nani anaiba huko?" Mdogo wake alicheka, akaenda zake.

"Kila konstebo mpe mtaa wake," fundi akamwambia mjukuu. "Usimweke njia panda kama nguzo. Mpe maduka yake, watu wake. Jioni avute makufuli. Mwenye duka akiwa na la kusema, amwachie konstebo huyo huyo, si kamanda. Zamu ikiisha, wote wakae kituoni, na konstebo asimulie ya mtaani kwake. Akisimulia, hata mkuu wa polisi afunge mdomo."

"Hayo kasema babu mdogo?"

"Neno kwa neno."

Na ili mambo yanoge, fundi mwenyewe akaingia mchezoni akiwa konstebo mkongwe. Akawaambia vijana kwamba kazi hiyo ameifanya tangu makufuli yalipokuwa ya mbao. Akawasimulia alivyomnasa mwizi wa mbuzi kwa kumhoji mbuzi, na mbuzi akataja jina. Alivyopuliza filimbi kwa nguvu mpaka mwizi, mtaa wa tatu, akajifunga pingu mwenyewe.

"Afande, wewe ni hatari!" vijana walipiga kelele.

"Hatari ni mbuzi," alijibu. "Mimi niliandika tu maelezo."

Mji ukafufuka. Wauza maduka wa mchezoni wakaanza kuchelewa kufunga makusudi, wamsubiri konstebo wao, wampe umbea wa siku. Wezi ikabidi wajue nani anapita wapi, nani ana mwendo wa kobe, nani anasimama kuongea. Wizi ukarudi kuwa kazi ya akili. Kamanda mmoja aliandika barua ya kuomba ashushwe cheo. Maombi ya ukonstebo yalimiminika mpaka kompyuta ya mjukuu ikafuka moshi, nikauona mimi kupitia dirishani.

Ndipo akaingia konstebo mpya. Sauti yake ilikuwa nzito, kama ya mtu anayeongea na kofia imemfunika uso. Alikuwa mzito wa vitufe. Mara anagonga ukuta, mara anamsalimia mti. Alipewa mtaa wa mwisho, ambao hakuna aliyeutaka, na hakulalamika. Ila makufuli aliyavuta vizuri. Mara mbili, bila haraka.

Zamu ilipoisha, fundi akiwa amekolea kwenye kisa cha mbuzi, yule mpya akamkatisha kwa adabu.

"Samahani, afande. Naomba kuuliza. Kwa nini tunavuta mara mbili?"

"Swali la mwanafunzi hilo," fundi akajibu. "Ya kwanza unajaribu, ya pili unahakikisha."

"Ukilivuta likagoma, umeshajua limefungwa. Unahakikisha nini tena?"

Fundi akatafuta uongo wa kujibia, akakuta mifuko mitupu.

"Ya kwanza ni ya kufuli," sauti ikaendelea. "Ya pili ni ya mtu. Mtaani kwangu kulikuwa na fundi mmoja wa saa. Alipofiwa na mkewe akawa haendi nyumbani, anajifungia kibandani mpaka giza linaingia. Ningemwambia nini? Mimi si mtu wa maneno. Maneno alikuwa nayo yeye. Kwa hiyo nilivuta mara ya pili, ajue kuna mtu anapita. Akinitukana, nilijua yu mzima, naendelea na doria. Waliniita kwenda kusomea cheo. Wenye vyeo hawana mtaa. Nikakataa. Nani angepita pale?"

Kisha yule konstebo akasema, "Zamu njema, afande," akatoka mchezoni.

Fundi alibaki ameshika bisibisi ambayo haikuwa na kazi. Hakumtazama mjukuu.

"Wewe ndiye uliyemleta."

"Nilimwendea wiki ile ile," mjukuu akasema. "Nilijua huendi. Nikamkuta kitini, babu. Miguu imemkataa. Aliniuliza kama huko mchezoni mtu anaweza kutembea."

Asubuhi yake fundi akaenda mtaa wa pili. Njia yenyewe ni fupi mno. Ni aibu kuitaja. Maisha yote ya kustaafu miguu yake ilikuwa mizima na njia ilikuwa hapo, naye alizipitisha siku akirekebisha saa za watu waliokwisha kuzisahau. Kwenye geti la mdogo wake aliinua mkono abishe, akaushusha. Akalishika kufuli, akalivuta. Ka-ka.

Kisha kutoka ndani:

"Nani anaiba huko?"

Fundi, yeye bingwa wa maneno, akalivuta tena. Ka-ka.

"Basi ngoja, kaka," sauti ikasema. "Nakuja. Ila utangoja sana, miguu yangu nayo imestaafu."

Akangoja, uso ameuegemeza kwenye geti, akisikiliza magurudumu ya kile kiti yakikwama kwenye kizingiti, yakirudi nyuma, yakijaribu tena. Hakuwa na namna ya kumsaidia. Kufuli lilikuwa limefungwa, na ufunguo ulikuwa kwa yule anayekuja.

Hapo ndipo nilipotaka kuishia. Bahati mbaya mjukuu amesimama nyuma ya kiti changu, na macho yake ni mepesi kuliko kalamu yangu.

"Kompyuta yangu haijawahi kufuka moshi," amesema.

"Kidogo tu."

"Na huyu jirani wa ukuta kwa ukuta ni nani? Upande huu ni ghala la mbao, babu. Upande ule ni barabara."

Nimekohoa. Hakuna aliyeniambia pole.

"Umeapa mwenyewe," amesema, na kunisogezea kompyuta. Sare imenibana hata kwenye picha ya mchezoni. Nimepewa mtaa wa dampo, mbwa wengi, duka moja lililofungwa siku zote. Mkuu wa zamu ni mdogo wangu, na hana huruma.

"Konstebo," amenguruma sikioni mwangu sasa hivi, "hilo umelivuta mara moja tu. Rudi."

Narudi, afande.